Lusia Kalonga na Kinanda Alichokipiga kwa Kusikia

Baba Paroko, masista, viongozi wa serikali ya mtaa, wanakwaya wenzangu, majirani wa Kasokola na wa Ilembo, na ninyi mliotoka Mamba kabla ya mapambazuko mkafika hapa na vumbi la njia nzima mabegani, kwa niaba ya ukoo wa Mzee Kalonga na kwa niaba ya shemeji yetu Gabrieli Nsokolo na watoto wake, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu. Mimi naitwa Onesphore Kalonga, ndiye mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa, na nawaomba mapema mnivumilie, kwa sababu ipo sehemu ya historia hii inayonihusu mimi mwenyewe, familia iliniambia naweza kuiruka, nami nimeomba niisome.

Marehemu Lusia Thadei Kalonga alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 13 Desemba 1960, katika kijiji cha Mamba, ambacho leo kipo Halmashauri ya Mpimbwe katika mkoa wetu wa Katavi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano wa marehemu Mzee Thadei Kalonga, aliyekuwa katekista na mkulima wa mpunga, na marehemu Mama Agatha, ambaye wazee wa Mamba wanamkumbuka kwa sauti yake, maana wakati wa palizi wanawake wa mashamba ya jirani walikuwa wakisogea mpakani ili wapalilie huku wakimsikiliza. Alibatizwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, akiwa na siku kumi na mbili tu.

Marehemu alianza darasa la kwanza hapohapo Mamba mwezi Januari 1969, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Alipokuwa darasa la tatu, mapadre walileta kanisani kinanda cha kukanyaga kwa miguu, cha kwanza kuonekana pande zile, na kwa kuwa mama yetu ndiye aliyekuwa akifagia kanisa kila Jumamosi, Lusia alianza kumfuata, akawa anafagia upesi upande wake wote ili abaki na muda wa kukaa kwenye kile kiti. Hakuna mtu aliyemfundisha, hakuna aliyemwonyesha kidole gani kiende wapi, alikuwa akitafuta wimbo kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni, anapapasa, anakosa, anarudi, mpaka aipate, na akishaipata haipotei tena.

Siku ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1974, padre aliyekuwa akipiga kinanda alilala na homa kali, baba akasimama mbele kuwaomba waumini waimbe hivyohivyo bila kinanda, na kabla hajamaliza kusema, binti yake wa miaka kumi na tatu alikuwa ameshakaa na kuanza kukanyaga. Alipiga Misa nzima. Baba hakumsifu mbele ya watu, haikuwa kawaida yake, lakini tulipofika nyumbani alimwambia mama, "Mpe mtoto paja la kuku," na paja la kuku katika nyumba yetu lilikuwa la baba peke yake.

Alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, nafasi za wasichana zilikuwa chache mno miaka ile, akabaki nyumbani akisaidia shamba na kupiga kinanda Jumapili. Mimi mwaka 1979 nilichaguliwa kwenda seminari ndogo, na nilipoaga, dada hakuniuliza habari za Kilatini wala za hesabu, aliniuliza kitu kimoja, kama ni kweli kwamba huko watu wanafundishwa kusoma nyimbo kwenye karatasi. Nilipomwambia nimesikia hivyo, akasema, "Basi ukirudi uje nazo."

Nilirudi likizo ya Desemba na karatasi moja ya nota, nikakaa kwenye kinanda cha Mamba, nikaupiga wimbo ule kidole kwa kidole, macho kwenye karatasi, jasho linanitoka, na dada alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nilipomaliza alikuja, akaniomba nisogee, akaupiga wote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuitazama karatasi, na mkono wake wa kushoto ulifanya mambo ambayo mimi sikuyafikia. Niliona wivu, ndugu zangu, nikamwambia, "Wewe unapiga tu, hujui unachopiga." Akajibu bila hasira, "Nakijua, ila jina lake ndiyo silijui." Aliniomba likizo ile nimfundishe hayo majina, nami nilisema tutaanza kesho, na kesho ile sikuianza, si likizo ile wala zilizofuata.

Tarehe 1 Julai 1982 marehemu aliajiriwa kuwa mhudumu wa afya katika hospitali ya serikali mjini Mpanda, akapangiwa wodi ya wazazi, na huko alitumikia miaka thelathini na mitatu na nusu bila kuhamishwa wodi. Wapo hapa leo watu wazima wenye ndevu ambao yeye ndiye aliyewaosha mara ya kwanza. Wauguzi waliofanya naye kazi wametueleza kwamba alikuwa akijua kwa mlio wa mama, akiwa bado korido, kama uchungu umekaribia au bado, na mara nyingi alimwita mkunga kabla mgonjwa mwenyewe hajaita.

Tarehe 8 Septemba 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Bwana Gabrieli Nsokolo, seremala na mkulima wa Kasokola, ambaye alitueleza wazi siku ya kuleta barua ya posa kwamba yeye hajui kuimba hata kidogo, na kwamba alianza kwenda Misa ya kwanza kila Jumapili kwa sababu ya kinanda, kisha kwa sababu ya anayekipiga. Mungu aliwajalia watoto watatu, Cecilia, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1985, Richard, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1989, na Isidori, aliyezaliwa tarehe 4 Juni 1993, na marehemu ameacha wajukuu sita.

Tangu mwaka 1983 marehemu alikuwa ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu hapa Ilembo, na baada ya kuolewa alikuwa akitembea kutoka Kasokola hata mvua za masika zikiwa zimeikata njia, na kwaya ilijifunza kila wimbo kwa kumsikiliza yeye, akipiga sauti ya kwanza mpaka waishike, kisha ya pili, kisha ya tatu, kisha besi. Ndipo mwaka 1994, mwezi Januari, nikiwa tayari mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini, nikachaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya, na hapa ndipo ilipo ile sehemu niliyowaambia.

Tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha la kwaya, nami nilitaka tuimbe kwa nota, kama nilivyoona wanavyoimba walioendelea. Siku ya Jumamosi, tarehe 5 Februari 1994, kwenye mazoezi, dada alikuwa amekaa kwenye kinanda na Isidori amelala mgongoni kwake, tukafika mwisho wa wimbo, akaumalizia kwa namna ambayo haikuandikwa. Nikasimamisha kwaya. Nikamwambia, "Dada, hiyo haipo kwenye karatasi." Akasema, "Najua, lakini wimbo wenyewe ndiko unakotaka kwenda." Watu walicheka kidogo, hawakunicheka mimi, walifurahi tu, lakini nilijiona nimechekwa, nikasema mbele ya watu thelathini, "Hapa tunafuata kilichoandikwa. Asiyesoma nota asikae kwenye kinanda."

Alikifunika kinanda kwa kitambaa chake, akamweka sawa mtoto mgongoni, akaenda kukaa katikati ya waimbaji wa sauti ya pili, akafungua mdomo akaendelea na mazoezi. Kuanzia siku ile mimi ndiye niliyepiga, na nilipiga sawasawa na karatasi, na kwenye tamasha tukawa wa pili, tukapewa cheti ambacho bado kipo ukutani kule ofisini. Lakini mwezi wa tatu baada ya hapo, bibi mmoja wa Ilembo alinisimamisha nje ya kanisa, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kinanda chetu kitatengenezwa lini?" Nikamwambia hakijaharibika, si nakipiga kila Jumapili. Akasema, "Aa, kumbe," akaenda zake.

Dada aliimba sauti ya pili kwa miaka ishirini. Hakuhama kwaya, hakumlalamikia baba wala paroko, na nyumbani kwangu alikuja kama kawaida na unga wake na maharage yake. Nilichokuwa sijui nilielezwa na shemeji Gabrieli miaka mingi baadaye, kwamba alikuwa akimkuta jikoni vidole vinatembea juu ya meza, chungu kinachemka hadi maji yanakauka, na kwamba mwaka 1996 yeye shemeji alichukua ubao wa mninga, akachonga vitufe vyote vya kinanda, vyeupe na vyeusi, akavipaka rangi, akampelekea mke wake kitu ambacho hakitoi mlio wowote. Anasema alimwomba radhi kwamba seremala anaweza kuchonga mbao tu, sauti hawezi. Dada alimwambia, "Mlio ninao, nilikosa mahali pa kuweka mikono." Na jioni nyingi, watoto wakiwa wanasoma, alikaa akipiga ubao ule, na Cecilia anakumbuka kwamba walikuwa wakikisia wimbo kwa kutazama vidole.

Mwaka 2011 marehemu alianza kulalamikia sikio la kushoto, na kufikia mwaka 2013 la kulia nalo lilikuwa limeanza kufifia. Alitibiwa hapa Mpanda, akapelekwa Mwanza, na madaktari walimweleza kwa ukweli na kwa huruma kwamba usikivu wake utaendelea kupungua taratibu na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Alirudi na gari moshi, na shemeji anasema kuanzia Tabora hadi stesheni ya Mpanda alikaa dirishani ameegemeza kichwa kwenye chuma, anasikiliza magurudumu.

Siku ya Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2014, alikuja nyumbani kwangu baada ya Misa, akakaa, akakataa chai, akasema, "Mdogo wangu, nifundishe nota." Nilishtuka, nikamuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Masikio yananiaga. Nina nyimbo kichwani, za mama na zangu, nataka niziweke mahali kabla sijasahau zinavyosikika." Nilingoja ataje mwaka 1994, ningefurahi hata angenitukana, lakini hakutaja, alitoa tu kwenye mkoba daftari jipya na penseli mbili zilizochongwa.

Tulisoma miezi kumi na minne, kila Jumapili mchana, mwalimu akiwa na miaka hamsini na mwanafunzi hamsini na minne. Haikuwa rahisi na sitawadanganya kwamba alipenda. Wimbo ambao angeupiga mara moja tu alipousikia, kuuandika kulimchukua wiki tatu, na siku moja aliitupa penseli hadi uani, akasema, "Utazame, kwenye karatasi umesimama tu kama kuku aliyefungwa miguu." Kisha akaenda mwenyewe kuiokota. Alistaafu kwa hiari tarehe 31 Desemba 2015, akieleza kwamba hawezi kuendelea kukaa wodini ambako mama anaita naye hasikii, na mwezi uliofuata, Januari 2016, aliniletea wimbo wake wa kwanza uliokamilika, mmoja wa zile za palizi za mama yetu.

Niliuweka kwenye kinanda nikaupiga. Sikuwa nimeusikia wimbo ule tangu tulipomzika mama, na nilikuwa nimeusahau, kumbe dada alikuwa ameubeba muda wote huo, pamoja na mahali ambapo mama alikuwa akivuta pumzi. Yeye alikuwa amesimama karibu, ameweka kiganja juu ya kinanda ili asikie mtetemo, na nilipogeuka alikuwa akitikisa kichwa. "Nota ndizo," alisema, "lakini unaupiga kama unaujibia mtihani."

Tokea hapo mimi nikawa mwanafunzi. Nilimwomba anifundishe kupiga bila karatasi, akakubali, akaniambia nifumbe macho, niimbe kwanza, mikono itafuata, nami niliimba na mikono haikufuata, na yeye hakuweza tena kusikia vizuri nilipokosea ili anirudishe. Tulijaribu mwaka mzima wa 2016. Kitu ambacho dada yangu alikuwa nacho tangu utoto, na ambacho kwa miaka ishirini kilikaa hatua tano kutoka kwenye kiti changu, katikati ya sauti ya pili, nilikuja kukitaka siku ambazo hakikuwezekana tena kutolewa.

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2017, kwa kuwa hakuwa akinisikia tena nikiongea, nilimwandikia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake, "Dada, nisamehe kwa yale ya mwaka 1994." Alisoma, akachukua penseli, akaandika chini yake, nami nasoma kama alivyoandika, "Nilikusamehe siku ileile nikiwa njiani narudi Kasokola. Lakini nilikitamani kila Jumapili." Akafunga daftari, akaniuliza kwa mdomo mke wangu amepika nini.

Kufikia mwaka 2019 marehemu hakuwa akisikia kitu chochote. Wengi wenu mlimwona kanisani, amekaa pale pembeni ya kwaya na karatasi magotini, kidole kikifuata mstari, na tulipochelewa alijua kwa kutazama vifua vyetu. Mjukuu wake Queen, ambaye ndiye mpiga kinanda wetu kwa sasa, alilelewa naye kwenye muziki kwa utaratibu wa ajabu, alikatazwa karatasi mpaka alipoweza kupata wimbo mwenyewe kwa kusikia, kisha akakatazwa kuacha karatasi. Queen aliwahi kumwandikia, "Bibi, ukisoma nota unasikia nini?" Naye akamjibu kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejisikia, kanisa zima likasikia, "Nasikia vizuri kuliko ulivyopiga leo." Ila shemeji ametuambia jambo jingine, kwamba usiku wa mvua alikuwa akimwomba amweleze bati linaliaje, na shemeji, ambaye hajui kuimba, alikuwa akimpigia kwa vidole mgongoni.

Marehemu aliandika nyimbo arobaini na moja katika madaftari sita, kumi na saba za mama yetu na za wanawake wa Mamba, zilizobaki zake mwenyewe.

Ugonjwa uliomchukua ulianza mwezi Februari 2024 kwa miguu kuvimba na kuishiwa pumzi, ikabainika kuwa ni moyo. Alitibiwa hapa Mpanda, mwezi Novemba akapelekwa Mbeya, akarudi nyumbani Kasokola tarehe 11 Januari 2025 akiwa na nafuu, akaweza kukaa kibarazani na hata kuandika kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Hali ilibadilika tarehe 16 Juni, akalazwa hospitalini, wodi inayotazamana na ile aliyoitumikia, na siku ya Alhamisi, tarehe 19 Juni 2025, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, mume wake akiwa amemshika mkono, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na minne na miezi sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda, Mwanza na Mbeya, na hasa watumishi wa wodi ya wazazi, waliovuka uwanja kila jioni kuja kumsalimia mwenzao. Tunamshukuru Mzee Athuman, mwenye duka la vitabu sokoni, aliyekuwa akimtafutia madaftari ya karatasi nzito isiyopitisha wino, na ambaye leo amefunga duka na yupo hapa pamoja na familia yake. Tunamshukuru Bi Mwanaiddi, jirani wa Kasokola, aliyempikia uji miezi mitano mfululizo. Tunawashukuru walimu wenzangu, jumuiya ndogondogo, paroko wetu, na kila aliyechimba, aliyebeba maji, aliyekesha nasi.

Jambo la mwisho ni tangazo. Kwenye daftari la sita upo wimbo wa arobaini na mbili, aliouanza mwezi Mei, hauna maneno, na umekatika katikati ya mstari wa tatu. Wanakwaya waliniomba niumalizie ili tumzike nao. Nota ninazijua, kanuni nazijua, nikaandika mwisho wa kwanza, wa pili, na wa tatu, na yote haikuwa na kosa lolote, na yote nikaichana, kwa sababu sijui wimbo ule ulikuwa unataka kwenda wapi, na aliyejua hayupo. Jana mchana shemeji Gabrieli alinikuta na karatasi zile zilizochanika, akaniambia, "Acha, Onesphore. Hapo ndipo alipofika."

Kwa hiyo tutakapoelekea kaburini, Queen ataanza, na kwaya itauimba ikiwa imefumba midomo, mpaka nota ya mwisho aliyoiandika kwa mkono wake. Tukifika hapo tutanyamaza, na tunawaomba msidhani kwamba tumepotea.

Dada Lusia, pumzika, na amani iwe yako.